Aliyelala Pembeni mwa Libby

Benchi letu liko mbele ya maghala ya nafaka, upande usio na upepo, ingawa hapa Nebraska upepo hauna upande. Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa limejaa na kolachi, maandazi yetu ya jamu ya plamu, bado zina moto, lakini Emil hakugusa kitu. Jana yake Waya, ambaye kanisani anaitwa Stanley, alipita makaburini na vyuma vyake viwili vilivyopinda. Babu zetu walitafuta maji kwa vyuma kama vile. Sisi tunatafuta wafu navyo. Yale makaburi ya kilimani, katikati ya mahindi, ni ya watu wa kwanza waliokuja na mikokoteni ya ng'ombe. Misalaba yao ya mbao iliteketea kwa moto wa nyika, na tangu hapo hakuna ajuaye nani kalala wapi. Sasa vyuma vya Waya vilikuwa vimekatana msalaba pembeni kabisa mwa Libby, marehemu mke wa Emil, palepale Emil alipojiwekea nafasi yake ya kuzikwa.

— Vyuma havidanganyi, alisema Waya. Pana mtu pale.

— Mtu gani? Pale pangu! Emil alifoka.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alidakia Wakili, anayeitwa hivyo kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kwenye kesi ya ng'ombe aliyegongwa. Mwenzio yupo pale tangu enzi za nzige. Wewe bado uko hapa unakunywa kahawa.

— Sinywi.

— Basi nipe kolachi yako.

Mimi nikauliza huyo mtu ni nani hasa.

— Mwizi wa farasi, alisema Waya. Walimnyonga, wakamzika harakaharaka.

— Acha zako! alisema Wakili. Mwizi azikwe na waumini? Yule ni padri. Alitoroka Bohemia, kule Ulaya, na mke wa mtu.

— Kwa hiyo wako wawili? niliuliza.

— Ndiyo maana vyuma vilitikisika sana! alisema Waya.

— Ngojeni, aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo. Si kuna tembo wa sarakasi alifia relini?

— Tembo, bwana? nilisema. Mbona angemfikia mpaka Libby!

— Kwenye miti hakuna wajenzi, alisema Wakili.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Wenye akili wameshaelewa.

Tulicheka. Wakili akampiga Emil begani.

— Usinune, mzee. Libby kapata jirani asiyekoroma.

— Miaka hamsini alinisukuma ubavuni nigeuke, alisema Emil. Nilikuwa nanung'unika, lakini nageuka. Siku hizi nakoroma mpaka asubuhi, hakuna wa kunisukuma.

Alivua kofia akaikunja magotini.

— Kamati ya makaburi inasema nikalale kule upande wa akina Vondra. Simtaki Vondra. Mimi nataka kulala na mke wangu, basi.

Nilimwonea huruma Emil, nikajutia kicheko changu.

Darla, karani mpya wa mizani, alikuwa ametoka kujaza kikombe chake. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala muda wote akitusikiliza.

— Samahani wazee wangu. Hivyo vyuma mmeshawahi kuvijaribu mahali mnapojua kabisa hakuna mtu?

Wakili alimtazama Waya. Waya aliitazama kahawa yake.

— Mahali kama wapi? aliuliza.

— Popote. Hata hapa.

Waya alivitoa vyuma kwenye gari lake, akavishika kama kawaida, akaanza kunyata mbele ya benchi. Alinipita mimi, akampita Emil. Alipofika kwenye buti za Wakili, vyuma vikageuka taratibu, vikakatana msalaba.

Wakili aliinua miguu yote miwili juu.

Tumelikalia benchi lile tangu tulipoacha kulima. Mwisho Emil alivaa kofia yake, akachukua kolachi ya mwisho, akainama na kuchungulia mvunguni mwa benchi.

— Starehe hapohapo, padri, alisema huku anatafuna. Huku kuna kahawa. Kule juu kilimani pana mwenyewe.