Bia ya Neža

Benchi la nje ya karakana ya Bine, juu ya mto Soča, halikosi watu hata Januari hii ya kugonganisha meno. Kahawa inachemka, na leo kuna chupa ya bia pia, inamsubiri Neža atoke hospitali. Sheria ya wana-kayaki haina msamaha: ukipinduka, ukashindwa kujiinua, ukauacha mtumbwi na kuogelea, utanywa bia ndani ya kiatu chako mbele ya wote. Gorazd, mwenzake wa mtoni siku ile, ndiye aliyesema Neža kaogelea. Uongo mtupu! Aliyeogelea ni yeye. Neža alimsukuma kwa mtumbwi wake hadi ukingoni, akagonga bega kwenye mwamba. Gorazd kashindwa kusema ukweli. Aibu inamla.

— Neža kuogelea? Haiingii akilini, alisema Bine, fundi wa mitumbwi.

— Barafu ilinasa kasia, alijibu Lojze, mwoka mikate mstaafu waliyembandika jina la Profesa. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Mamaye kaingiaje hapo, Profesa?

— Kunywa kahawa wewe.

— Mimi nasema ni maharage, alisema Bine. Alikula bakuli mbili za jota, ile supu ya maharage na kabichi chachu, asubuhi ile. Tumbo zito, mtumbwi haugeuki.

— Thubutu! Profesa akaisahau barafu yake. Ni samaki. Kuna trauti mle, mkubwa kama ndama. Kamwinua kwa mgongo!

— Gorazd, si ulikuwepo? Ulimwona samaki?

— Sikuona vizuri, alisema Gorazd, macho chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mara Neža akatokea, mkono umefungwa kifuani. Wakapiga makofi.

— Vua kiatu, dada! Bia yako hii!

— Yangu? Neža akacheka. Acheni utani wenu, baridi hii!

Akaketi karibu na Gorazd, akamshika goti kwa mkono mzima.

— Pole, ndugu yangu. Yale maji uliyoyameza, yalikutoka yote?

Profesa akaweka kikombe chini. Bine akamtazama Gorazd, halafu bega la Neža, halafu Gorazd tena.

Gorazd akainama kufungua kamba za kiatu. Fundo likakataa kufunguka.

Akanyoosha mkono kuomba bia hivyo hivyo, kiatu kikiwa bado mguuni. Bine akaivuta chupa kwake.

— Hii ni ya kuchekana, alisema. Leo nani atacheka?