Mashine ya Hobi

Kijiwe chetu kipo pale barabara ya Mbwawa inapoachana na njia ya kuingia kwenye viwanja vipya, mbele ya karakana ya mageti ya Mashaka. Benchi ni mbao moja ndefu juu ya matofali, na kila aliyelikalia kwa muda ana jina alilobandikwa na wenzake. Mashaka, kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma, tunamwita Cheche. Castory alistaafu utunza stoo serikalini, basi ni Stoo, na mpaka leo haamini kitu asichokihesabu. Mwinyimadi alihamia kwa mwanawe kutoka Kisarawe, ambako bado ana shamba la mikorosho. Huyo ni Korosho. Ally wa bodaboda ni Chapchap. Abdala anamimina kahawa, na mimi nauza vocha kwenye kibanda cha pembeni. Hapa hakuna linalopita bila kushukiwa. Mvua ikinyesha, tunaulizana nani kaileta na anataka nini.

Jumamosi moja akaja Brighton. Nyumba yake ni ile ya geti jeusi, mkabala na sisi, ila tulikuwa tukimfahamu kwa tai tu, maana kazi yake iko Dar na huondoka alfajiri.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, Stoo na Korosho wakaitikia.

— Fundi, naomba ushauri. Ile pikapu niliyonunua mnadani, sakafu yake imeliwa na kutu. Nataka niizibe. Mtu anayeanza anunue mashine gani ya kuchomelea?

Cheche akaweka kikombe chini.

— Uizibe wewe?

— Mimi mwenyewe. Wikiendi, na jioni nikiwahi kurudi. Hobi tu.

— Hobi ndiyo nini? Korosho akaninong'oneza, kwa mnong'ono uliosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

— Kazi isiyo na malipo, nikamwambia.

— Kama ndoa, Chapchap akasema.

Stoo hakucheka. Alimgeukia Brighton, akamtazama kuanzia viatu.

— Kijana, una mshahara, una kiti cha kuzunguka. Unataka ulale chini ya gari upigwe na cheche za moto, bure. Unaficha nini?

— Sifichi kitu, mzee. Ofisini nasaini karatasi mpaka jioni, na jioni ukiniuliza nimefanya nini leo, sina cha kukuonyesha. Nataka kitu nikishike, nikione.

Alilisema kwa moyo, mtu angeweza kulipokea lilivyo. Sisi tulitazamana. Maneno mazuri namna ile yalituongezea shaka.

— Basi chukua inveta, Chapchap akaanza. Ile ndogo, unaitundika begani kama begi la shule. Haili umeme, haina noma.

— Nyepesi mno, Stoo akasema. Mle ndani kuna nini? Boksi linaandika ampea mia mbili hamsini. Nani kazihesabu?

— Sasa ampea zinahesabiwa vipi, mzee?

— Ndiyo hapo wanapowapiga!

— Au ile ya waya na gesi, Brighton akasema. Nimeambiwa ndiyo inafaa bati jembamba la gari, haitoboi.

— Ile niliiona dukani Maili Moja, Stoo akasema. Ina magurudumu. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu chenye magurudumu usikiingize nyumbani kwako.

— Gari lake nalo lina magurudumu, Abdala akachomekea huku anamimina.

— Na sakafu imeoza! Mimi nasema nini?

Korosho akajikohoza. Akisema ni kwa utaratibu, kama anayechambua mchele.

— Mwanangu, mpwa wangu yuko Kisarawe, ana mashine ya koili, ya zamani. Watu wawili hawaiinui. Uzito ndio uaminifu wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Kaione kesho.

Brighton akamgeukia tena Cheche, ambaye hakuwa ametoa ushauri wowote.

— Wewe fundi unasemaje?

— Usinunue. Lilete gari hapa, sakafu nitaiziba siku moja.

— Najua ungeiziba vizuri. Geti langu si umelitengeneza wewe? Ila hii nataka iwe mikono yangu.

— Basi zote ni sawa tu, Cheche akasema, akaangalia barabarani.

Brighton akashukuru, akalipia kahawa ya kila mtu, akaondoka. Kulipia kule ndiko kulikoharibu mambo.

— Mmeona? Stoo akasema. Kahawa ya wote. Mtu asiye na lake hafanyi hivyo.

Cheche alikuwa akigeuzageuza kikombe kitupu.

— Yule wa pale kona mnamkumbuka? Alianza hivi hivi. Fundi, nielekeze kidogo, nina hamu tu. Nikamwelekeza, nikamwazima na nyundo yangu. Leo ana bango, ana vijana, na wateja wangu nawaona wanapita hapa wanaangalia upande wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Methali ile, kwa mara ya kwanza hapo kijiweni, ilikuwa imekaa mahali pake, na hakuna aliyeicheka.

Brighton alikwenda Kisarawe kweli. Jumatatu jioni alishuka kwenye gari la abiria na tai yake shingoni, akaja moja kwa moja kwenye benchi.

— Mzee Mwinyimadi, mpwa wako nilimkuta. Mashine nimeiona. Nikamwomba aiwashe, akasema umeme umekatika.

— Basi ulikatika, Korosho akasema.

— Saluni iliyopakana naye feni ilikuwa inazunguka.

— Wale wana jenereta.

— Sikusikia ngurumo, mzee.

— Ya kimya hiyo. Kisarawe sisi watu wa zamani, hatupendi kelele.

Chapchap alicheka mpaka akamwaga kahawa. Korosho akavuta kofia yake mbele. Baadaye alituambia kwamba kijana anayekagua kitu cha ndugu wa mtu namna ile si mnunuzi, ni mpelelezi.

Brighton alirudi jioni ya pili yake, na iliyofuata. Maswali alikuwa nayo kichwani, na aliyauliza kwa adabu. Vijiti vya kuchomelea viwe vya unene gani? Umeme wa nyumbani utahimili? Kila swali alilomwelekezea Cheche, Cheche alilijibu kwa kuinua mabega, na sisi wengine tukalidaka. Stoo alisema wauzaji wote wana duka moja lenye milango mingi. Chapchap alisema waya wa shaba siku hizi ni alumini iliyopakwa rangi. Korosho alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo mashine iwe fupi.

Siku ya mwisho Brighton alitusikiliza mpaka kahawa ikapoa mkononi mwake. Akatabasamu kwa uchovu.

— Wazee wangu, nikiwasikiliza nyote sitanunua hata msumari.

— Kutonunua nako ni akili, Stoo akamwambia.

Hakuja tena. Ijumaa tulimwona akishusha boksi kwenye bajaji, Jumamosi hakuonekana kabisa, na jua lilipoanza kuzama, juu ya ukuta wake ukaanza kumetameta mwanga wa buluu. Unawaka, unakatika, unawaka.

— Kanunua, Chapchap akasema. Na hakutuambia ipi.

— Kwa nini asituambie? Stoo akauliza. Mtu ananunua kitu cha halali, anakificha kwa nini?

— Labda kwa sababu... nilianza mimi.

— Anatengeneza sakafu mbili, Chapchap akanikata. Chini sakafu, juu sakafu, katikati nafasi. Nimebeba abiria Magindu kule, nimesikia habari za magari ya namna hiyo. Unaona pikapu tupu, kumbe imejaa.

— Imejaa nini?

— Hilo ndilo wanaloficha!

— Nyinyi watoto, Stoo akasema. Huyu katumwa. Wanataka kujua nani ana karakana bila leseni. Anakaa nasi, anauliza umeme, anauliza bei za vijiti. Cheche, una leseni wewe?

Cheche alikuwa ameutazama ule mwanga tangu ulipoanza, amekunja uso kama mtu anayesikia redio ya mbali.

— Anashikilia kwa muda mrefu mno, akasema.

— Anashikilia nini?

— Basi tu.

Korosho akatema mate pembeni.

— Mwanga wa buluu saa ya magharibi hauwashwi bure. Kwetu mtu akiona hivyo anaingiza watoto ndani. Yule anaita kitu.

Tukacheka, lakini Chapchap alisogea kidogo kwenye benchi akakaa katikati yetu. Mwanga ukakatika. Hatukuuona tena jioni ile.

Kesho yake, Jumapili mchana, geti jeusi likafunguka akatoka mkewe, Jenifa. Hajawahi kukaa kijiweni kwetu wala kusimama. Akipita husalimia akiwa mwendoni. Safari hii alivuka barabara akaja akasimama mbele ya benchi. Amevaa khanga juu ya nguo za kanisani, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. Mkononi ana miwani nyeusi ya jua, ile ya machinga wa barabarani.

— Shikamooni.

— Marahaba mwanangu, Stoo akasema. Karibu. Abdala, mpe kahawa.

— Asante, sitakunywa. Nyinyi ndio mliokuwa mkizungumza na mume wangu habari za mashine?

Stoo akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Korosho.

— Tulizungumza naye kidogo, Korosho akasema.

— Tumetoka hospitali ya Tumbi asubuhi. Usiku wote alikuwa anapiga kelele, anasema macho yake yamejaa mchanga. Yamevimba, yanatoka machozi, hata taa ya simu haitaki. Nilijua anapofuka. Daktari ametuambia ni ule mwanga, umemuunguza macho. Anasema yatapona, akae gizani, atumie dawa. Lakini akirudia atayaharibu kabisa.

— Pole sana, Chapchap akasema. Aisee. Pole, shemeji.

Akaiinua ile miwani.

— Alivaa hii. Alikuwa anafikiri inatosha. Daktari alipoiona akatikisa kichwa, akasema kuna kinyago chake maalumu, chenye kioo cheusi kabisa, kila anayechomelea anakijua.

Hakuwa anagomba. Angegomba, tungepata la kujitetea.

— Wiki nzima akirudi nyumbani ananiambia, leo nimepitia kwa wazee, leo wameniambia hivi, leo wameniambia vile. Alikuwa anafurahi kukaa nanyi. Sasa nataka kuuliza tu. Katika yote mliyomwambia, lipi lilikuwa la macho?

Stoo alifungua mdomo. Nilidhani anatafuta methali, na labda kweli alikuwa anaitafuta, ila ulifungika tena bila kutoa kitu. Korosho aliangalia kandambili zake. Chapchap akajishughulisha na ufunguo wa pikipiki. Jenifa alisubiri kwa muda unaomtosha mtu kujibu, kisha akasema haya basi, akavuka barabara, geti likajifunga.

Abdala alikuwa ameshika birika hewani, hajui amimine au asimimine.

— Mimi nilimwona akiinunua, Cheche akasema.

Tukamgeukia.

— Ile miwani. Ijumaa, kwa machinga, pale kituoni. Akaijaribu, akanigeukia akacheka. Fundi, nimeanza kufanana na wewe? Nikamjibu, umependeza.

— Na ulijua haifai? nikauliza.

— Miaka yangu ya kwanza niliungua mara ngapi! Nilijua. Hata jana, nilivyouona ule mwanga ukishikiliwa muda mrefu vile, nilijua anaungua.

— Sasa kwa nini hukusema? Chapchap akauliza, na sauti yake haikuwa na utani.

Cheche akaligeukia lile geti jeusi.

— Nilidhani ananitega. Nilisema huyu hawezi kuwa hajui, msomi huyu, anajifanya hajui ili nimfundishe kama nilivyomfundisha yule. Kila alichouliza nilikiona mtego. Kumbe mtu alikuwa anauliza.

Alinyanyuka, akaingia karakanani. Tulisikia vyuma vikisukumwa, kitu kikianguka. Akatoka na kinyago kipya, bado kimo kwenye nailoni, na miwani ya kioo kizito aliyoifuta kwa kifua cha ovaroli. Hakutuaga. Akavuka, akasimama mbele ya lile geti jeusi alilolitengeneza kwa mikono yake, akagonga kama mgeni.

Geti likafunguka nusu. Jenifa akasimama pale, hakutoka wala hakumpisha. Cheche alikuwa amekishika kile kinyago kwa mikono miwili, tumboni, anazungumza na kichwa kimeinama. Kwa umbali ule halikutufikia hata neno.

— Anamwambia nini? Chapchap akauliza.

Hakuna aliyejaribu kukisia.