Neno Ambalo Ma Sang-gyu Hakulisema Siku ya Kabichi

Ndugu, majirani, na ninyi nyote mliovua viatu mlangoni mkaingia kumwinamia mzee wetu, familia inawaomba muweke chini vijiko vya mchuzi kwa muda mfupi, msikilize maisha ya marehemu Ma Sang-gyu, muuza dawa za mitishamba wa mji huu wa Jecheon, mtu ambaye hakuwahi kukaa kitako mpaka chai yake ikapoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika kijiji kilicho chini ya mlima Baegun, mtoto wa kwanza wa wakulima wa viazi na tumbaku. Alianza shule ya msingi mwaka 1949, vita vikamkatiza mwaka uliofuata, akairudia na kuimaliza mwaka 1956, na mwaka huohuo akapelekwa kwa mganga mzee Pyo Gi-ho, ambako kwa miaka kumi alikata mizizi na kujifunza kuitambua kwa kunusa, macho yakiwa yamefumbwa, hadi tarehe 20 Mei 1966 alipofaulu mtihani wa leseni.

Tarehe 14 Novemba 1967 alifunga ndoa na Ok Pil-rye, aliyeketi hapa mbele yenu, wakajaliwa mtoto wa kiume, Jun-seok, mwaka 1969, na wa kike, Hye-ran, mwaka 1972. Mkewe ndiye aliyekuwa akilinda chungu cha dawa, maana marehemu alijua kuchanganya lakini hakuweza kusubiri kitu kichemke.

Duka lake katika mtaa wa dawa lilifunguliwa mwaka 1971, likapata jina kwa jambo ambalo watu walilifuata kutoka mbali huku wakiliita kwa majina mengine, yaani dawa ya waume na wake ambao hamu imewatoka. Wanaume walilalamikia mgongo, wanawake walilalamikia baridi ya miguu, naye aliwasikiliza huku akipanga upya makasha yaliyokwisha kupangwa. "Mjomba, mgongo huu unanitesa," mmoja alimwambia, naye akamuuliza, "Unakutesa ukibeba mchele, au taa ikizimwa?" Akawachanganyia mmea wa matawi matatu na majani tisa, mzizi wa jinsengi, na matunda madogo mekundu yaliyokaushwa, lakini hakumfungia mtu dawa akiwa peke yake. Mume na mke walipaswa kuja pamoja, wakawekewa vikombe viwili, na asiyetaka akakifudikiza chake, na kikishafudikizwa kimoja hapakuwa na dawa wala maswali, kwani alizoea kusema, "Hamu ya kulazimishwa ni homa, na mimi siuzi homa."

Oktoba 2003 walifika dukani mke na mume waliokuwa na aibu nyingi, kila mmoja akikitazama kikombe cha mwenzake, na marehemu, kwa kutaka kuwachangamsha, aliuacha ulimi utangulie moyo. "Hata mke wangu alikuwa baridi kama sakafu isiyowashiwa moto chini yake, akanywa hii, sasa mimi ndiye ninayekimbia!" Wakacheka, wakanywa, wakaenda zao, na neno likaenda nao. Mwezi uliofuata, wanawake wa mtaa walipokusanyika uani kutia kabichi chumvi na pilipili kwa ajili ya majira ya baridi, mmoja alipaza sauti mbele ya wote, "Mama Jun-seok, sogea penye moto, usije ukatugandishia kabichi!" Pil-rye alimaliza fungu lake la kabichi katikati ya kicheko, akanawa, akarudi nyumbani, akahamishia godoro lake chumba cha karibu na jiko.

"Baba Jun-seok," alimwambia mumewe, "siri ya chumba changu umeiweka kwenye mizani ya dukani, tena uzito wenyewe si wa kweli."

"Nilikuwa natafuta maneno ya kuuzia dawa tu."

"Basi tafuta mengine, ukayasemee palepale nilipochekwa."

Tangu hapo marehemu hakutulia. Kila Novemba, kwa miaka kumi na mitano, alikwenda mpaka kwenye ua ule, akawasalimia wanawake, akasifu figili, akaulizia magoti yao, akarudi nyumbani na sentensi yake mdomoni, pengine mara tatu kwa asubuhi moja, hadi wakamtania, "Mzee Ma, umekanyaga kaa la moto?" Kila asubuhi aliweka mezani vikombe viwili vya chai ya tangawizi, na kila asubuhi alikikuta cha mkewe kimefudikizwa, wala hakuuliza, maana kanuni ilikuwa yake mwenyewe, na mganga hajigangi.

Septemba 2018 aligundulika kuwa na maradhi ya mapafu, akalazwa hospitalini tarehe 6 Desemba, na hapo, miguu ilipomkatalia, akamwita mdogo wake Sang-do, anayewasomea haya, ambaye alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na tisa kwa kufuatisha maandishi ya makasha ya duka lile. "Andika kwa herufi kubwa," alimwagiza, "usije ukakwama mbele za watu." Maneno yake ni haya.

"Mwaka 1998 sakafu iliyopoa ilikuwa mimi. Pil-rye alinichemshia dawa siku mia moja, hakumwambia hata mama yake. Nilipopona nikamvika yeye ugonjwa wangu, ili watu wacheke na kunywa. Mlimcheka mtu aliyenisitiri. Nichekeni mimi, sasa sina miguu ya kukimbilia."

Marehemu alifariki dunia tarehe 12 Februari 2019, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 77, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kushuka kitandani kila saa, majirani waliopika, wauza dawa wenzake waliofunga maduka leo, na wanawake wa ua wa kabichi, ambao tunawaona wameinamisha vichwa. Juzi mjane alisomewa karatasi hii kwanza, akaulizwa kama ipunguzwe, akajibu, "Isome yote, shemeji, na usiharakishe." Asubuhi ya leo ameweka mbele ya picha vikombe viwili vya chai ya tangawizi, navyo, kama mnavyoona, vyote vimesimama.

Pumzika kwa amani, Ma Sang-gyu, na safari hii ukae mpaka chai ipoe.