Bi Usikate na Kiporo cha Alhamisi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa kazini kwake mliokuja na sare zenu, leo tunamsindikiza mama ambaye wengi wenu mliijua sauti yake kabla hamjaiona sura yake. Wasifu huu umeandikwa na binti yake na unasomwa na mdogo wa marehemu, ambaye ameombwa asome kilichoandikwa, asitie chumvi. Chumvi mtakayoionja humu ilikuwemo tangu jikoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabisa, ile ambayo treni ikipita vyombo vyote kabatini vinasalimiana. Alikuwa mtoto wa kwanza. Baba yake, mtunza ishara za reli, alilala kituoni wiki nzima, akarudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili alfajiri. Msichana yule alikuwa akitunza mambo yake wiki nzima ili amwambie baba, na akisimama mbele yake yote yanamtoka kichwani. Baba akishaondoka ndipo yanamrudia, na analia. Basi akajitafutia dawa. Alianza kuandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, neno moja kwa kila jambo: jino, viatu, mwalimu, paka. Baba akifika anasimamishwa pale mlangoni hata kofia hajavua, anaelezwa moja baada ya jingine, na kila neno likishasemwa linafutwa kwa kiganja.

Jumamosi moja ya Septemba 1962 aliyamaliza yote. Baba akacheka, akamwambia, "Leo umenimaliza, mama." Ijumaa iliyofuata aligongwa na behewa akiwa kazini, hakurudi tena. Watu wazima walimweleza kwamba breki ndizo zilizokatika, na alielewa. Lakini alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mlango ulikuwa hauna hata neno moja, na hakuna aliyeweza kulitoa hilo moyoni mwake. Tangu siku ile hakumaliza tena maneno na mtu yeyote aliyempenda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari ya wasichana hadi kidato cha nne mwaka 1969. Alikuwa hodari, hilo vyeti vinasema. Ila mwalimu wake wa insha aliandika kwenye ripoti: "Ana akili nyingi, lakini hamalizi." Ripoti hiyo aliiwekea fremu. Wageni walidhani ni cheti cha sifa, naye hakuwasahihisha.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa kuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, akakaa kwenye mtambo ule hadi alipostaafu mwaka 2006. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na juu ya kichwa chake zilipita machela na viatu vya wauguzi kutwa nzima. Kila simu aliyoiunganisha aliitanguliza kwa neno lile lile, "Usikate, mpendwa, usikate," na ndiyo maana hata siku ya mshahara alikuwa akiitwa kwa jina la Bi Usikate. Pale ndipo alipoona jinsi watu wanavyoipoteza nafasi ya kuongea. Mtu anapiga kutoka mbali, anaunganishwa na mgonjwa wake, anauliza hali ya hewa, muda unakwisha. Baadaye anapiga tena, analia: "Dada, lile nililotaka kumwambia sikumwambia." Akawa anawafundisha kabla hajawaunganisha. "Andika kwanza. Anza na dogo, zito weka katikati, la kuchekesha liwe mwisho. Usimwachie mtu mzigo mkononi halafu ukakata simu."

Nyumbani alifuata sheria hiyo hiyo. Jikoni kwake kulikuwa na kamba, na kwenye kamba vibanio vya nguo, na kila kibanio kilishika karatasi ya mtu mmoja na siku yake. Jumatatu ilikuwa ya mdogo wake. Jumanne ya rafiki yake mshonaji. Jumatano ya mwanawe wa kiume, fundi wa kuchomelea. Alhamisi ya binti yake. Hakukuwa na siri, yeyote aliyekwenda kuchota maji ya kunywa aliziona karatasi hizo, ila zilikuwa za neno moja moja kama ule mlango wa zamani, na maana yake aliijua yeye. Saa moja jioni alikuwa anabipu kwanza, mlio mmoja tu, ili nawe ukachukue karatasi yako uliyoiandika kwako. Ole wako upokee huna karatasi. "Hujajiandaa? Basi nitaongea mimi, wewe utaitikia kama kanisani."

Na mwisho wa kila mazungumzo alibakiza jambo moja. Alikuwa akiliita kiporo. "Kipo kiporo chako," anasema, "tutakila wiki ijayo." Wiki ijayo analisema lile, anabakiza jingine. Vingine vilikaa miaka.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Desemba 1974 na fundi wa majokofu wa hospitali, mwanamume mpole aliyempigia siku moja kuagiza kipuri, akaisikia ile "usikate", akasahau kipuri. Ilibidi apige mara tatu. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1976 na mtoto wa kiume mwaka 1979. Bwana alipenda kumtania kwamba kiporo huchacha. "Cha chakula," marehemu alimjibu. "Cha maneno ni akiba, na akiba haiozi." Bwana alifariki tarehe 20 Agosti 2009, ghafla, na kiporo chake hajaonja. Marehemu hakukiondoa kibanio chake kwenye kamba. Alimpa Ijumaa. Kila Ijumaa saa moja alikaa karibu na ile simu nyeusi aliyozawadiwa wakati wa kustaafu, simu isiyo na waya wowote, akainua mkono wa simu, akaongea, akafuta neno moja moja. Binti yake alimkuta siku moja akasimama mlangoni mpaka mama alipomaliza.

"Baba anasema nini?"

"Anasikiliza tu. Baba yako tangu lini ameongea?"

Walicheka wote wawili. Lakini binti alipofika kwake usiku ule aliacha taa ya ukumbini ikiwaka mpaka asubuhi.

Februari mwaka huu wa 2023 marehemu alianza kulalamikia maumivu ya ubavu. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye ini, na madaktari hawakumficha, kwa kuwa wengi wao aliwahi kuwaunganishia simu za kwao wakiwa wanafunzi. Alilazwa mwezi Aprili. Ndipo alipofanya jambo lililotutisha kuliko vipimo: alianza kugawa viporo.

Wa kwanza kuitwa alikuwa rafiki yake mshonaji. "Lile gauni la bluu ulilonishonea miaka ile," alimwambia, "mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Nilikuwa naukunja." Mshonaji alicheka hadi muuguzi akaja. Kisha akaitazama karatasi yake mkononi mwa mgonjwa, akatafuta jambo jingine, akaona hakuna, imekwisha. Alirudi dukani akafunika cherehani, hakushona siku tatu. Mwana wa kiume aliambiwa kwamba kile kiti cha chuma alichomtengenezea mama kinayumba tangu siku ya kwanza. Mdogo wake, huyu anayesoma, aliambiwa kwamba anaimba vibaya na harusi zote za ukoo zimevumilia vya kutosha. Ndiyo maana leo mmeimba wenyewe.

Akabaki binti. Binti alikuwa ameelezwa na mama yake habari ya ule mlango na mkaa, na alijua kukimaliza kiporo maana yake ni nini. Alhamisi ya kwanza mama alimpigapiga kitanda. "Njoo ukae hapa, mwanangu. Tule kile kiporo chako."

"Hakina haraka, Mama. Kesho."

"Kesho ni ya baba yako."

"Basi Alhamisi ijayo."

Mama akasema, "Haya. Utanidai."

Alhamisi iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ile ya baada yake. Binti alikuja na matunda, na magazeti, na hadithi za majirani, akajaza saa nzima ya kuonana na wagonjwa ili pasipatikane upenyo. Daktari alishangaa mgonjwa bado yupo. Binti hakushangaa. Mjomba wake, huyu huyu anayesoma, alimfuata kwenye korido, akamwambia, "Mwache mama yako aseme."

"Akisema ataondoka, Mjomba."

"Na asiposema atakaa?"

Binti aliinamia kilichokuwa mkononi mwake. Alikuwa ameshika karatasi ya mama yake, ile ya Alhamisi, ambayo mama aliagiza iletwe kutoka jikoni pamoja na kibanio chake. Maneno yote yalikuwa yamefutwa isipokuwa la mwisho. Lilikuwa "dirisha".

Bi Usikate alifariki Jumatano tarehe 14 Juni 2023, saa kumi alasiri, amelala upande wake wa kulia, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Saa moja jioni nyumba ilikuwa imejaa watu, na wapo waliosema waliusikia mlio, mmoja tu, kutoka kwenye rafu ya ile simu nyeusi. Familia haina la kuongeza juu ya hilo. Simu haina waya, na mdogo wa marehemu ameikagua kwa mikono yake. Binti hakusema kama alisikia. Aliinuka, akatoa karatasi yake mfukoni, akaushika mkono wa simu, na watu wote sebuleni wakanyamaza na vikombe mikononi. Alianza na madogo. Alimweleza mama yake bei ya jeneza, na nani amefika na nani bado. Katikati aliweka zito: kwamba aliogopa, kwamba alimziba mama yake mdomo kwa sababu ya woga, na kwamba anamkumbuka sana. Mwisho akasema, "Mjomba hajaimba, Mama." Akasubiri kama mtu anayesubiri kuunganishwa. Kisha akaulaza mkono wa simu kando, hakuurudisha mahali pake, na mpaka asubuhi ya leo hakuna aliyethubutu kuugusa.

Tangu hapo amepita kwenye kila dirisha la nyumba ile, akalifungua na kulifunga. Anajua huenda ni jambo dogo kama mkono wa gauni. Jana aliomba sentensi moja iongezwe hapa, nayo ni hii: kama yupo kati yenu anayejua habari ya dirisha, tafadhali, kwa heshima ya marehemu, asimwambie.

Marehemu ameacha mdogo wake, wa Jumatatu. Rafiki yake mshonaji, wa Jumanne. Mwanawe, wa Jumatano. Binti yake, wa Alhamisi. Na wajukuu watano waliokuwa wakigombania Jumamosi bila mafanikio. Mume wake, wa Ijumaa, alimtangulia. Jana ilikuwa Ijumaa, na hatudhani kwamba safari hii ilihitajika simu.

Apumzike kwa amani Bi Usikate. Kimebaki kimoja.