Bi Mwanamkasi na Simu Iliyojua Kusalimu

Baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi, fundi wetu wa simu Bi Mwanamkasi Shekhe anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kazi Tanga mwaka 1991, binti wa Maramba aliyekuja na bisibisi yake mwenyewe.

Vijana wanamjua kwa mitambo ya kisasa. Sisi tuliomtangulia kustaafu tunamjua kwa kibanda cha simu cha kivukoni Pangani.

Mwaka 2001 kibanda hicho kiliwekewa sanduku la sauti: ukimkosa mtu, unamwachia ujumbe wa sekunde thelathini, naye anakuja kuusikiliza kwa namba yake ya siri. Sekunde thelathini! Bi Hafsa, aliyekuwa akingoja habari za uzazi wa bintiye Nasima huko Pemba, alikwenda mara mbili akapata salamu za ukoo mzima, kisha mlio, basi. Alikuja karakana yetu akifoka: "Mashine yenu inanisalimia mpaka mbuzi, mwanangu kajifungua au bado, haisemi!"

Malalamiko yalikuwa mengi, na wakubwa wakaamua huduma ifungwe mwisho wa mwezi. Fundi mwenzake Bi Mwanamkasi, Timotheo, alibandika tangazo la kuwataka watu wafupishe maneno. Walilisoma, wakausifu mwandiko, wakaendelea kusalimu.

"Timotheo, watu waache," akasema Bi Mwanamkasi. "Cha kutengenezwa ni mashine."

Alijifungia stoo, blanketi kichwani kuzuia kelele za jogoo wa jirani, akarekodi sauti yake. Tangu hapo simu ilianza yenyewe: "Shikamoo. Hawajambo nyumbani?" Ilisubiri dakika nzima mtu amalize salamu zake, bila kunasa kitu, ndipo ikasema: "Salamu zimepokelewa. Haya, leta habari." Msikilizaji naye aliambiwa kwanza kwamba wa huko wote wanamsalimu. Watoto wa shule walipanga foleni kibandani ili tu waitikie marahaba kama watu wazima.

Siku tatu kabla ya huduma kufungwa, ujumbe wa Nasima ulifika mzima: "Mama, njoo. Ni mapacha." Bi Hafsa alitoka kibandani akipiga vigelegele, na wanawake waliokuwa wakingoja kivuko wakampokea. Malalamiko yakaisha, amri ikafutwa. Mwaka uliofuata Maramba na Pongwe walipata masanduku yao. Tulioishi miaka mingi mbali na kwetu tunajua uzito wa sekunde alizotuokolea.

Vibanda vimeng'olewa, lakini chombo cha sauti cha Pangani Timotheo alikihifadhi. Siku ya kukuaga, Bi Mwanamkasi, tutakiwasha. Sauti yako itatupa shikamoo, nasi sote, wakubwa kwa wadogo, tutaitikia.

Ahsante, Bi Mwanamkasi. Tunakuombea afya, utulivu na nyumba isiyokosa wageni. Safari hii sema utakavyo. Hakuna mlio wa kukukatiza.