Mama Aliyekataa Kuiachia Siwa

Wazee wetu, waheshimiwa mliotoka Bunge la Jimbo, akina mama wa Ojenya, ndugu na majirani mlioacha viazi vikuu ardhini mkaja kutushika mkono, kwa niaba ya ukoo wa Adakole na ukoo wa Ogbole familia inawaomba mtulie kidogo, ili msikie jinsi mama huyu alivyoishi, na jinsi alivyouawa.

Marehemu Mheshimiwa Aladi Inalegwu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, kichakani nyuma ya kijiji hiki cha Ojenya, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Adakole Idoko na mama Enuwa, siku ambayo mizinga ya vita ilipiga soko na watu wakakimbia na vyungu vikiwa bado motoni, mama yake akajifungua chini ya mchikichi bila mkunga, na bibi yake alizoea kusema kwamba mtoto yule hakulia alipotoka, kwa sababu alikuta zamu ya kelele imeshikwa na mizinga.

Alisoma shule ya msingi hapa Ojenya kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, ambapo akiwa darasa la tano alimwona mwalimu akimchapa rafiki yake mpaka damu ikachirizika miguuni, akamrukia na kumng'ata mkono, hakuuachia mpaka fimbo ikaanguka, akafukuzwa muhula mzima, baba yake akampeleka kuomba radhi na jogoo mkononi, naye akamwomba radhi jogoo tu. Baadaye alisoma sekondari kwa masista, kisha akasomea uuguzi katika hospitali ya misheni kati ya mwaka 1986 na 1989.

Kuanzia Januari 1990 alikuwa muuguzi wa zahanati yetu, akishona majeraha ya mapanga, ya ajali na ya ugomvi wa pombe, na tangu mwaka 1996, machimbo ya mawe yalipofunguliwa pale kilimani, alishona zaidi majeraha ya mawe, kwani kila saa sita mchana king'ora kililia, kijiji kizima kikainama, baruti ikalipuka, na mawe yakaruka kutafuta watu, wengine aliwashona wakapona, wengine aliwafunika tu.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na marehemu baba yetu Inalegwu Ogbole, ambaye baadaye alikuwa dereva wa lori la machimbo hayo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Onyeche aliyezaliwa mwaka 1997, Ogwuche mwaka 1999, na Ihotu mwaka 2002. Baba alipigwa na jiwe tarehe 6 Agosti 2004 akiwa amesimama kando ya lori lake, wakamleta zahanati kwenye turubai, na mama aliyekuwa zamu alimtambua kwa viatu, kwa sababu uso haukuwepo tena, akamwosha mwenyewe, na wenye machimbo walipoleta ng'ombe wa pole aliwarudishia ng'ombe wao pamoja na kamba yake.

Kilichomtoa zahanati ni tarehe 17 Oktoba 2017, mlipuko wa saa sita uliporusha mwamba mkubwa kama jiko la kukaangia mihogo, ukapasua bati la darasa la pili, ukawaua watoto wanne kwenye madawati yao, Ehi, Ogaba, Onma na Adoga, na mama ndiye aliyewakusanya, akiwaita kwa majina kana kwamba wamechelewa kutoka nje, jioni yake akawaambia mama zao, "Nimechoka kushona, sasa nakwenda kuushika mkono unaorusha."

Aligombea ubunge wa jimbo katika uchaguzi wa Machi 2019, wahuni waliokodiwa wakaja kituoni na mapanga, wakamkata mkono wa kushoto, akaufunga kwa kilemba chake na kurudi kwenye foleni, kijana mmoja wao akamfokea, "Bibi, hujui kuogopa wewe?" naye akamjibu, "Nilimzalisha mama yako mimi, ulitoka kwa matako, nikuogope leo?" foleni nzima ikacheka ikibubujika machozi, na akashinda.

Katika Bunge lenye watu ishirini na sita alikuwa mwanamke peke yake, na Mheshimiwa Spika Agada alipogawa kamati Julai 2019, zile nono za ujenzi, fedha na madini aliwapa wanaume, akamaliza kwa kusema, "Na mama yetu tumempa Kamati ya Wanawake na Watoto, atulee, na chai ya saa nne asiisahau," Bunge likaangua kicheko, naye akasimama akasema, "Ahsante Mheshimiwa Spika, chai mtakunywa, ila nitaichemsha kwa kuni zenu wenyewe."

Hawakujua walichompa, maana hakuna aliyekuwa akiiogopa kamati ile, naye akaitumia kuwaita wenye machimbo mezani, akaita wajane, akawaleta akina mama wanne wa darasa la pili, na Mheshimiwa Ejembi Oche, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Madini, alipomwambia mbele ya watu, "Dada, mawe ni kazi yangu, wewe kalee watoto," alimjibu, "Mheshimiwa, jiwe linaloingia kichwani mwa mtoto haliulizi liko kamati gani." Kwa miaka miwili na zaidi alitishwa kwa simu, mbwa wake akachinjwa akawekwa mlangoni, gari lake likachomwa, lakini taarifa ya kamati yake ikakamilika, ikitaka machimbo yafungwe.

Ikapangwa isomwe Bungeni tarehe 9 Februari 2022, na asubuhi hiyohiyo akasikia kwamba Spika ataanza kwa kutangaza mgawo mpya wa kamati, yeye akihamishiwa Kamati ya Maktaba, katika Bunge lenye kabati moja la vitabu ambalo ufunguo wake umepotea, na kwa kawaida ya Bunge lile kamati ikivunjwa kabla taarifa yake haijapokewa, taarifa hufa nayo. Kwa hiyo sala ilipokwisha tu, kabla Spika hajavaa miwani, mama alikwisha kusimama, akaanza kusoma, na jina la kwanza lilikuwa la Ehi.

Ninyi mnaotoka Bungeni mnajua kwamba siwa, lile rungu la heshima la Bunge, isipokuwepo mezani, linalosemwa mle ni porojo tu, hata kama limesemwa na wote, basi Mheshimiwa Ejembi aliruka akaikwapua siwa ili akimbie nayo, mama akatoka kitini huku akisoma, akaidaka kwenye kile kichwa chake cha shaba, wakavutana, viti vikaruka, vipaza sauti vikang'olewa na kugeuzwa marungu, mheshimiwa mmoja akapasuliwa mdomo, mwingine akaburutwa kwa vazi lake mpaka likabaki mkononi mwa mvutaji, Katibu wa Bunge akaingia chini ya meza, na Ejembi akawa anapiga kelele, "Achia mama, achia nisije nikakuua bure!" naye akamjibu, "Basi niue kwa faida, lakini siachii." Ejembi akamsukuma kwa kifua, akaichomoa siwa, akamtwanga nayo kwenye paji la uso, akamtwanga juu ya sikio la kulia, akamtwanga tena, na safari hiyo siwa ikavunjika, kichwa cha shaba kikadondoka, mama akaanguka juu yake, akakikumbatia tumboni, na damu yake ikaenda mpaka chini ya kiti cha Spika.

Alifikishwa hospitali na kile kichwa kikiwa ndani ya kanga yake, fuvu likiwa limebonyea, na polisi walipokuja kudai, "Mama, hiyo ni mali ya serikali," aliwauliza, "Na hiki kilichopasuka ni mali ya nani?" wakaondoka, na katika maandishi yao wakasema mheshimiwa alijikwaa kwenye zulia, ilhali Bunge lile halina zulia.

Bila siwa hakuna kikao, na bila kikao mgawo mpya haukuweza kutangazwa, kwa hiyo kamati zote zilibaki zilivyokuwa mpaka siwa nyingine ilipotengenezwa, na Bunge likakutana tena tarehe 29 Machi 2022. Walidhani hatakuja, lakini alikuja akiwa ameshikwa na binti yake Onyeche, bandeji kichwani, jicho la kulia halioni, na Spika alipofungua mdomo kutangaza kamati zake, Katibu akasimama, akasoma kumbukumbu, kwamba kikao kilichopita hakikuahirishwa bali kilikatika, na kikao kilichokatika huendelea pale kilipokatikia, na aliyekuwa akisema wakati huo ni Mheshimiwa Aladi. Mama hakuweza kuona karatasi, akasema aliyoyashika kichwani, "Wa pili aliitwa Ogaba," akaendelea mpaka mwisho, wakapiga kura, kumi na nne wakakubali, tisa wakakataa, na tarehe 1 Mei 2022 machimbo yakafungwa.

Tangu hapo hakuwa mzima, kichwa kilimuuma mpaka akawa anauma mto asiwaamshe wajukuu, kifafa kikamshika, mkono na mguu wa kushoto vikalegea, na Jumamosi tarehe 19 Novemba 2022, baada ya kunywa mchuzi kidogo wa okoho, ule wetu wa kuteleza, aliaga dunia nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, na daktari aliandika kilichomuua bila kuficha, ni yale mapigo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya misheni, majirani mliolala ukumbini kwetu, akina mama mliopika na kufua, na waheshimiwa kumi na watatu waliopiga kura pamoja naye, Katibu wa Bunge akiwemo katika shukrani hizo.

Neno la mwisho linamhusu Mheshimiwa Ejembi Oche, aliyeketi pale mstari wa mbele. Tumesikia kwamba wiki iliyopita Spika alimpa Kamati ya Wanawake na Watoto, kiti cha marehemu, na kwamba barua ya kuomba machimbo yafunguliwe tena imekwisha kufika katika kamati hiyo. Familia haiwezi kubadili mgawo wa Bunge, wala haitamfukuza mtu msibani, chakula ni cha wote naye ale. Lakini koleo la udongo asilishike. Na ile shaba iko juu ya jeneza, imefungwa katika kitambaa chetu chekundu na cheusi, haijasafishwa, nayo ni mali ya Bunge, kwa hiyo tunamwomba yeye aliyeivunja ainuke, aje aichukue kwa mikono yake miwili, mama yake Ehi, mama yake Ogaba, mama yake Onma na mama yake Adoga wamesimama hapa kumkabidhi, aibebe mpaka kwenye meza ya kamati yake mpya, aiweke hapo, halafu aifungue ile barua.

Saa sita imepita wakati haya yakisomwa, na hakuna aliyeinama.

Mama, uliyemaliza kusema, pumzika kwa amani.