Ulimi kwenye I, Midomo kwenye U

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wakuu wa idara, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, ndugu, jamaa na marafiki, na wewe Mama, uliyenionya pale mlangoni kwamba nikizidisha maneno utaanza kukohoa: nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Nimesimama hapa kwa niaba ya familia. Mimi ni kitinda mimba wa huyu anayestaafu leo, na kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari, kwa hiyo msinihurumie. Nimezoea kuongea na watu waliokakamaa kwenye viti na wasionisikiliza.

Baba yangu mnamwita Mzee Midomo. Msijifanye hamjui. Hata mlinzi wa getini, tulipomwambia sisi ni wa nani, alisema, "Wa Mzee Midomo? Piteni." Na jina hilo amelipata kihalali. Ni nani mwingine katika ukumbi huu aliyetumia maisha yake yote ya kazi kwa irabu moja tu, tena irabu ambayo sisi wenyewe hatuna? Sisi tuna tano, zinatutosha, tunapatana na kugombana nazo vizuri tu. Yeye akaenda kupenda ya watu.

Kwa wale ambao hamjawahi kukamatwa naye koridoni, ngoja niwaonyeshe. Semeni "iii". Sasa ulimi ubaki hapohapo, ila midomo iviringeni kama mnapuliza chai ya moto. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, usione haya, wenzako wote wanafanya. Hiyo ndiyo yenyewe: ulimi umekaa kwenye i, midomo imekwenda kwenye u. Wafaransa wanayo, Wajerumani wanayo, Waturuki wanayo, Wachina wanayo, na Baba atakwambia kila mmoja anaisukuma midomo kwa kipimo chake. Waswidi, anasema, wana mbili zinazokaribiana mno, na mgeni akiweza kuzitenganisha anastahili kupewa uraia.

Sisi tumekulia humo. Nyumbani kwetu kioo kidogo kilikaa mezani pamoja na chumvi. Mgeni akiingia, nyinyi wenzetu mnauliza habari za safari, Baba anauliza, "Kwenu mnazungumza lugha gani?" Jibu likimpendeza, chakula kitapoa.

Siku niliyozaliwa alikuja hospitali na kinasa sauti. Nikalia, akanasa, akatoka mbio. Bibi akamdaka mlangoni: "Mtoto gani?" Baba akajibu, "Ni irabu ya katikati, ila inaelekea mbele kidogo." Bibi akarudi wodini akamwambia Mama, "Pole, mwanangu."

Na mume wangu, yule pale nyuma anayenikazia macho, alikuja na wazee wake kujitambulisha kwetu. Mama yake ni Mjerumani, na katikati ya mazungumzo mazito kijana akaropoka neno moja la Kijerumani. Baba akalisikia. Akamshika mkono, wakatoka, wakaja hapa chuoni, kwenye kile chumba cha kurekodia cha chini ya ngazi kilichozibwa kwa magodoro. Wazee wa pande zote mbili wakabaki wanatazama juisi. Waliporudi jua lilikuwa limezama na kijana midomo imemkauka. Mjomba akauliza, "Haya, shemeji, kijana umemwonaje?" Baba akasema, "Imenyooka. Haina kasoro hata kidogo." Ndoa yangu ilipita hivyo. Tabia hakuna aliyeiulizia, na hilo mimi na mwenyewe tutaliongea nyumbani.

Leo asubuhi, akifunga tai, Baba aliniambia, "Sema lolote, ila masikio yangu yaache." Nimelifikiria ombi hilo njia nzima, na nimeamua kulikataa.

Binti yangu humpigia babu yake simu, wana mchezo wao: mtoto anatamka, babu anakisia, ni i au ni ile yake? Hakuwahi kukosa. Kisha akaanza kukosa. Akailaumu simu, tukanunua nyingine, akailaumu nayo, akalaumu minara. Mwishowe akawa hapokei kabisa, na mtoto ananiuliza amemkosea nini babu. Daktari hakuzunguka: umri umechukua sauti nyembamba za juu, na tofauti ya irabu hizo mbili iko hukohuko juu. Uzee ungeweza kuanza na magoti, kama kwa watu wengine. Kwa Baba ukaenda moja kwa moja kwenye kile alichokipenda.

Kifaa cha kusaidia kusikia anacho. Kiko mfuko wa ndani wa koti hilo alilovaa, na hakijatoka humo tangu tukinunue. Anasema kinatoa sauti ya kopo. Na juzi alimwambia Mama kwamba leo anarudisha ufunguo wa chumba cha kurekodia, chuo kikitaka kikifanye stoo ya viti. Baba yangu huyu. Viti. Niliposikia nililia, siwafichi.

Baba, unadhani ni siri. Hujajiuliza kwa nini wanafunzi wako wa siku hizi wanachongoa midomo kupita kiasi, hadi mmoja wao amegombana na mchumba wake? Walikuona unasoma midomo. Wakakubaliana darasa zima, na kila darasa likawaachia agizo wanaofuata: kwa Mzee, midomo mbele. Hakuna aliyewatuma. Jengo zima linajua, Baba, na jengo zima limekutunzia.

Sasa naomba msaada wenu. Kila mtu achukue karatasi ya ratiba afunike mdomo. Upande wa dirishani, nong'onezaneni mchague: i ya kawaida, au ile ya Mzee? Upande wa mlangoni nanyi vivyo hivyo. Baba, leo hutaona mdomo wa mtu. Tunakungoja wewe na mfuko wako wa ndani. Mama, msaidie kukivaa. Taratibu. Haya, kimeingia.

Dirishani, anzeni.

Mlangoni.

Asanteni, shusheni karatasi. Amesimama. Kwa mlio nyuma ambao hamkumsikia, nawarudishia maneno yake: "Dirishani ni i. Mlangoni ndiyo yenyewe, ila kuna mtu mstari wa mbele midomo imelegea." Amepatia? Naona mnaitikia kwa vichwa, tena wengine mnafuta macho. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, samahani, anakutazama wewe. Anasema ufike kesho asubuhi chumba cha chini ya ngazi, atakufungulia mwenyewe, kwa sababu ufunguo anabaki nao.

Mama ameshaanza kukohoa, nami naogopa kukosa chakula. Kwa niaba ya familia, asanteni nyote kwa kunisikiliza. Na wewe, Baba, asante kwa kunisikia. Jioni hii simu ikiita, pokea.